Virusi vya Marburg vilitoka wapi, na sampuli yako inasema nini

(Muziki wa kufungulia, sekunde kumi, kisha unashuka.)

Mama zangu mnaosonga ugali saa hizi, baba zangu mliokaa nje ya nyumba mkingoja jua lipungue, wadogo zangu mnaotakiwa kuwa mnafanya kazi za shule, nawasalimu wote. Na wewe unayesoma karatasi hii kwenye ubao wa matangazo kwa sababu betri za redio zimekwisha, karibu pia, kipindi ni chako vilevile.

Leo nina maneno niliyoyaokota Biryogo, Kigali. Wengi wenu mnapajua. Mtu akitoka kambini kuja mjini kwa ajili ya hospitali au karatasi, akachoka kuzungumza kwa mikono, anaelekezwa Biryogo, maana pale Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za wakoloni. Kuna ile barabara iliyofungwa magari, imepakwa rangi, meza na viti katikati, chai ya maziwa na chapati. Nilikaa pale na kijana mmoja mkimbizi mwenzetu, asili yake Masisi, anauza vifuniko vya simu. Jina lake silitaji. Aliniambia kwamba wakati wa ugonjwa wa Marburg, wateja wawili walimsikia lafudhi, wakamwuliza ametoka Kongo lini, kisha wakarudisha bidhaa mezani wakaondoka. Halafu akaniuliza: "Wewe wa redio, ilithibitishwa? Ni sisi tulioleta?"

Ugonjwa ule ulitangazwa kwamba umekwisha Rwanda tarehe 20 Desemba 2024. Swali la yule kijana halijaisha. Na kwa kuwa lina jibu, nimeona nisimjibu yeye peke yake. Jibu lilitoka maabara, na sitaki ulipokee kwa kuniamini mimi tu. Nataka ujue lilivyopatikana, ili siku ukiulizwa na mtu mbishi uwe na la kusema.

Tuanze na kwaya. Kila kambi ina kwaya, na kila kwaya ina daftari la nyimbo. Vitabu vya kuchapwa havitoshi, kwa hiyo mtu ananakili kwa mkono kutoka kwa mwenzake, ambaye naye alinakili kwa mwingine. Sasa fikiri mahali palipoandikwa "tutafika". Mwandishi mmoja, usiku, taa ya sola imefifia, anaandika "tutapika". Anayenakili kwake naye anaandika "tutapika", na pengine anaimba hivyohivyo kwa sauti kubwa. Mwaka ukipita, unakusanya madaftari kumi. Sita yana "tutafika", manne yana "tutapika". Hukuwepo walipokuwa wakinakili, hakuna aliyekusimulia, lakini unajua yale manne ni ya ukoo mmoja. Na kama mawili kati ya manne hayo yamegeuza pia "malango" kuwa "malengo", unajua hayo mawili yako karibu zaidi, yametoka kwenye daftari moja ndani ya ukoo uleule.

Virusi ni daftari la namna hiyo. Virusi vya Marburg vina maandishi ya herufi kama 19,000, na alfabeti yao ina herufi nne tu. Vikiingia mwilini vinajinakili tena na tena, na katika kunakili kunatokea makosa madogo. Mengi ya makosa hayo hayaongezi wala kupunguza ukali wa ugonjwa. Yanabaki kama alama tu, kama ile "tutapika". Mtu akimwambukiza mwingine, anampa daftari pamoja na makosa yake. Maabara huchukua sampuli ya mgonjwa, mashine inasoma herufi, kisha kompyuta inapanga maandishi ya mgonjwa huyu kando ya maandishi ya yule na kuonyesha wapi yanafanana na wapi yametofautiana. Hayo ndiyo wanayoyaita vinasaba vya virusi. Mwalimu wangu wa baiolojia alitumia vipindi vitatu kueleza jambo hili ubaoni. Nadhani angetufundisha katika kwaya tungemaliza kwa kipindi kimoja.

Sasa turudi Kigali. Tarehe 27 Septemba 2024 Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza Marburg, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii. Hadi mwisho, waliothibitishwa kuugua walikuwa 66, na waliofariki 15. Karibu wanane katika kila wagonjwa kumi walikuwa wahudumu wa afya, wengi wa hospitali mbili za Kigali. Waliugua kwa sababu walimgusa mgonjwa kabla hajajulikana anaumwa nini. Marburg hupita kwa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili, na kwa kugusa maiti. Homa kali, kichwa kuuma sana, misuli, kutapika, kuharisha, na kwa wengine kutoka damu. Mwanzoni mtu angedhani ni malaria tu.

Uvumi ulishika njia yake haraka: ugonjwa umetoka Kongo, umevuka na watu. Maabara ya taifa chini ya Rwanda Biomedical Centre, ile tunayoiita RBC, ilishika njia nyingine. Ilisoma virusi vya wagonjwa, herufi kwa herufi. Kilichoonekana ni kwamba madaftari yote yalikaribia kufanana kabisa. Maana yake ni kwamba virusi vilivuka kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu mara moja tu, kwa mtu mmoja, na kutoka hapo vikapita mtu kwa mtu. Kama watu mbalimbali wangekuwa wanaingia na ugonjwa kutoka sehemu mbalimbali, makosa ya kunakili yasingekuwa mamoja. Yangekuwa ya koo tofauti.

Halafu wakauliza: ukoo huu unafanana na nani duniani? Ndugu wa karibu zaidi waliopatikana kwenye kumbukumbu walikuwa virusi vya mgonjwa mmoja wa Uganda mwaka 2014, mhudumu wa hospitali huko Kampala, na virusi vya popo waliopimwa Uganda miaka kadhaa kabla yake.

Najua kuna mtu hapo tayari amesema, "Ahaa, basi wameleta Waganda." Ngoja kwanza. Yule wa 2014 hakumwambukiza mtu yeyote mwingine. Mnyororo wake ulikatika palepale. Na tofauti ya herufi kati ya virusi vyake na hivi vya Kigali ni kubwa kuliko ya mzazi na mtoto. Makosa ya kunakili hujikusanya taratibu, mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukiyahesabu unaweza kukadiria madaftari mawili yaliachana lini. Haya yaliachana miaka mingi kabla ya 2024. Ni binamu. Na babu yao wa pamoja alikuwa ndani ya popo, na popo hawasimami mpakani kugongewa muhuri.

Ndipo watu wa ufuatiliaji wakamaliza kazi. Walikwenda nyuma, mgonjwa kwa mgonjwa, ulikuwa na nani, ulifanya kazi wapi, mpaka wakamfikia mgonjwa wa kwanza. Alikuwa mtu wa kazi za mgodini, na mgodi wenyewe una pango lenye popo wala matunda, wale ambao wataalamu huwaita Rousettus aegyptiacus, ndio wanaojulikana kubeba Marburg bila wao kuugua. Oktoba 2024 Waziri wa Afya, Dk. Sabin Nsanzimana, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba chanzo kilikuwa huko kwenye popo wa mgodini. Mgodi wa hapahapa Rwanda.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa vifuniko vya simu, jibu ni hapana. Si ninyi.

(Muziki mfupi.)

Karibuni tena. Kabla ya kuendelea, neno kidogo kuhusu jina lenyewe, maana majina ya magonjwa yamewatesa watu. Marburg ni mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara huko Marburg, na wengine Frankfurt na Belgrade, waliugua baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Waliambukizwa watu 31, wakafa saba. Ugonjwa ukapewa jina la mji ulikotambuliwa, na mpaka leo watu wa Marburg wanaishi na jina hilo ingawa virusi havikuzaliwa kwao.

Sasa twendeni Kongo kwa miguu yetu wenyewe, maana Kongo pia ina kisa chake na Marburg, na ni kisa kinachofaa kuwekwa kando ya hiki cha Kigali. Kati ya mwaka 1998 na 2000, kule Durba na Watsa, kaskazini-mashariki, wachimba dhahabu walikuwa wakifa. Wagonjwa 154 walihesabiwa, wakafa 128. Ilikuwa vita, barabara zimefungwa, mjue wenyewe. Watu wangeweza kusema ni ugonjwa mmoja uliosambaa kwa sababu wachimbaji hawanawi mikono. Lakini virusi viliposomwa zilionekana koo zisizopungua tisa. Tisa! Yaani virusi vilikuwa vikivuka kutoka kwa popo kuingia kwa watu mara kwa mara, kila mara na daftari lake, kwa sababu wanaume walikuwa wakiingia kila siku katika mgodi wa chini ya ardhi wa Goroumbwa. Mgodi huo ulipojaa maji, ugonjwa ukakoma.

Unaona tofauti ilivyo na maana? Kigali, ambako virusi vilivuka mara moja, kazi kubwa ilikuwa kuwapata waliokutana na wagonjwa, kuwaangalia kwa siku 21, kuwachanja wahudumu wa afya. Chanjo ya majaribio ilifika mwanzoni mwa Oktoba, dozi 700 za kwanza, kutoka taasisi ya Marekani iitwayo Sabin Vaccine Institute. (Waziri anaitwa Sabin, chanjo imetoka Sabin. Hawana undugu, taasisi ilipewa jina la Albert Sabin, mtu wa chanjo ya polio ya matone.) Durba, hata ungewapata wote waliokutana na wagonjwa, kesho yake mchimbaji mwingine angetoka pangoni na ukoo mpya. Pale dawa ilikuwa kuuacha mgodi. Usiposoma vinasaba unaweza kupigana na mlango ambao adui hapitii.

Na mtu asije akasema basi tukawaue popo. Walijaribu. Katika mgodi wa Kitaka, wilaya ya Ibanda, magharibi mwa Uganda, wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007, na baadaye popo waliuawa kwa maelfu na mgodi ukazibwa. Popo wengine wakarudi wakakaa. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena katika eneo lilelile, na popo wa pangoni walipopimwa, waliokuwa na virusi walikuwa kama 13 katika kila mia, wakati kabla ya mauaji walikuwa kama 5. Huenda wale wapya walikuwa wageni na virusi hivyo, miili yao haijawahi kukutana navyo. Popo ukimwacha juu na wewe ukakaa nje ya pango lake, mtaishi kwa amani.

Nimesema sana kuhusu Marburg kwa sababu inatuondolea lawama. Sasa naingia kwenye ugonjwa ambao alama zake zinaelekea kwetu, na siwezi kuuruka kwa sababu hiyo.

Mpox. Kamituga, Kivu Kusini, baadhi yenu mmechimba au kuuza mihogo pale. Kuanzia Septemba 2023 walionekana wagonjwa wa mpox, wengi watu wazima, na ugonjwa ukipita kwa kugusana ngozi kwa karibu, ngono ikiwemo. Virusi vya mpox vina maandishi marefu, herufi kama 197,000, mara kumi ya Marburg. Yaliposomwa, ilionekana ni tawi jipya, likaitwa Ib. Na wataalamu walikuta jambo ambalo mimi linanifurahisha kila nikilieleza. Mnamjua yule mwandishi wa kwaya ambaye kila penye "l" anaweka "r"? Anaandika "kurara" badala ya "kulala"? Ukikuta daftari lenye kosa hilo kila ukurasa, huhitaji jina juu ya jalada, unajua limepita mikononi mwa nani. Mwili wa binadamu nao una namna yake ya kuharibu maandishi ya mpox inapojaribu kujitetea, kosa la aina moja linalojirudia. Virusi vya Kamituga vilikuwa vimejaa kosa hilo. Kwa hiyo ikajulikana kwamba vilikuwa vikipita mtu kwa mtu, havikuwa vikitoka porini kila siku upya.

Julai 2024 Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya zilipata wagonjwa wao wa kwanza wa mpox, na tawi hilohilo la Ib likaonekana ng'ambo ya mpaka. Tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani, WHO, likatangaza dharura ya dunia. Hapo ndugu zetu wa uvumi walikuwa na karatasi mkononi: vinasaba vinasema Kivu.

Ndiyo, vinasema Kivu. Lakini soma sentensi yote. Vinasema virusi vilianza kupita mtu kwa mtu katika mji wa machimbo ambao wafanyabiashara, madereva na wachimbaji wa nchi nyingi huingia na kutoka. Havisemi mkimbizi. Herufi za virusi hazina kabila, hazina kadi ya HCR, na hazionyeshi nani alivuka na basi na nani alivuka na gari la kiyoyozi. Hata matawi yenyewe ya mpox zamani yaliitwa kwa majina ya mahali, Bonde la Kongo na Afrika Magharibi. Agosti 2022 wataalamu wa WHO wakayafuta, wakaweka namba I na II, kwa sababu jina la mahali linageuka kuwa tusi kwa wenyeji wa mahali hapo. Wazee wa Biryogo wanaelewa jambo hili kuliko mimi. Mtaa wao ulianza kama sehemu waliyotengewa Waswahili na Waislamu, watu walioitwa wageni katika mji walioukuta ukizaliwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike kipindi hiki, maana swali hili nimeletewa na watu watatu, wawili wakiwa wamama. Wanasema: "Mwanangu, wakichukua sampuli yangu wakasoma vinasaba, si watajua na mambo yangu? Si watajua kama watoto hawa ni wangu? Si itaingia kwenye faili la safari?"

Naelewa hofu inatoka wapi. Kambini neno DNA tulilijua kwanza kupitia safari. Kuna familia ziliambiwa zipimwe ili kuthibitisha kwamba mtoto ni wa baba aliyetangulia ng'ambo. Kwa hiyo mtu akisikia "vinasaba" moyo unakimbilia kwenye karatasi.

Ni vipimo viwili tofauti. Kile cha familia kinasoma maandishi yako wewe. Hiki cha ugonjwa kinatafuta maandishi ya virusi. Sitakudanganya kwamba kwenye pamba waliyokupaka hakuna chembe zako, zipo. Lakini kinachotafutwa, na kinachowekwa mahali ambapo wanasayansi wa dunia wanalinganisha, ni herufi za virusi, pamoja na mambo kama nchi na tarehe. Undugu unaoonekana pale ni wa virusi na virusi. Mti ule wa ukoo haukuonyeshi wewe na mama yako.

Na kuna kitu mti huo hauwezi, hata mashine iwe nzuri namna gani. Daftari mbili zikifanana kabisa, mashine haijui nani alinakili kwa nani. Ilihitaji watu kusema: nilikuwa wodini siku fulani, nilimwosha marehemu, niliingia mgodini. Pango lilipatikana kwa sababu kulikuwa na waliojibu ukweli. Mtu akiogopa kulaumiwa anaficha, na akificha jina moja, mnyororo unakatika hapo na ugonjwa unaendelea kwa upande ambao hakuna anayeutazama. Wale wateja wawili wa Biryogo walidhani wanajikinga. Kijana yule aliniambia kwamba tangu siku ile, akipata homa, hasemi kwa mtu yeyote.

Basi ukiitwa kutoa sampuli, una haki ya kuuliza kabla ya kunyoosha mkono. Uliza: mnatafuta ugonjwa gani? Matokeo nitayapata lini, na nani ataniambia? Sampuli ikibaki mtaifanyia nini? Uliza kwa Kiswahili, na kama anayekuhudumia hakielewi, omba mkalimani. Mhamasishaji wa afya wa eneo lako anaweza kukaa nawe. Ukishajibiwa, jibu na wewe maswali yao: ulikuwa na nani, ulilala wapi, ulimgusa nani. Na kama una homa kali leo usiku, usingoje kuulizwa. Nenda kituo cha afya, na uwaambie mlangoni, kabla hujakaa na wengine kwenye benchi.

Maswali yenu yaandikeni kwenye karatasi mweke katika sanduku la kipindi, au mnipe mkononi mkiniona. Wiki ijayo tutakuwa na mkunga.

(Muziki wa kufungia.)